Kabla Hujalipa Kodi au Kununua Kiwanja Dar: Hesabu ya Nyumba Yenye Mtoto Mdogo

SEHEMU YA 1: Swali ninaloulizwa kila wiki

Wenyeji mnanifahamu: mimi ni muuguzi, nipo wodi ya watoto katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, mama wa watoto wawili, na mpangaji kama wengi wenu.

Huwa naandika kuhusu homa, chanjo na kunyonyesha. Wiki hii naomba tuongee kuhusu nyumba. Msishangae. Tangu niweke ile posti ya kifua cha watoto, inboksi yangu imejaa swali moja lenye sura nyingi. "Dada nesi, tumepata chumba na sebule bei nzuri ila ukuta una unyevu, tuhamie?" Mwingine: "Nina mimba ya miezi mitano, baba watoto anataka tununue kiwanja Chanika tuhamie hivyohivyo, unaonaje?" Mwingine kaandika mstari mmoja tu: "Nesi, tuendelee kupanga au tukajenge?"

Mimi si dalali wala si mtu wa ardhi. Lakini wodini tukimpokea mtoto, baada ya jina na umri tunauliza anaishi wapi. Hatuulizi ili tujaze fomu tu. Mara nyingi jibu la hapo linatusaidia kuelewa kilichomleta. Mtaa wenye maji yaliyotuama, chumba kimoja cha watu sita, jiko la mkaa mlangoni, nyumba iliyoingiwa na maji wiki iliyopita: hayo yote yanafika kitandani pamoja na mtoto.

Nitakachosema katika sehemu hizi zote ni kitu kimoja. Bei anayokutajia dalali ni kipande tu cha bei ya nyumba. Kipande kilichobaki utakilipa polepole, kwa nauli, kwa maji ya kununua, kwa dawa, kwa usingizi. Na ndani ya nyumba nyingi anayekilipa ni mama na mtoto. Kwa hiyo tupige hesabu nzima kabla hela haijatoka mkononi.

SEHEMU YA 2: Kwa nini bei za Dar ziko hivi

Kwanza tuelewe mji wetu. Sensa ya 2002 iliwahesabu watu wa Dar kama milioni 2.5. Ya 2012 ikawakuta milioni 4.36. Ya 2022, milioni 5.38. Yaani ndani ya miaka 20 tumekuwa zaidi ya mara mbili, na kila mmoja anataka pa kulaza ubavu.

Nyumba za watu hao wamejenga kina nani? Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, lakini nyumba zake hazitoshi hata kidogo ukilinganisha na watu. Nyumba nyingi za mji huu zimejengwa na watu wa kawaida, tofali kwa tofali. Hela ya kikoba ikitoka, fundi anaitwa. Ikiisha, fundi anaondoka, nyasi zinaota sebuleni. Ndiyo maana mitaa mingi ya Dar watu wametangulia, halafu barabara na bomba vinafuata nyuma, vingine havijafika mpaka leo.

Sasa ukitaka kujua kwa nini chumba cha hapa ni laki mbili na cha kule ni laki moja, angalia vitu vitatu: barabara, maji na karatasi.

Chukua Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Maeneo hayo yalipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Njia ziliachwa, viwanja vikapewa namba. Leo karibu miaka 50 imepita na bado watu wanagombania kupanga huko. Mpangilio wa zamani unaendelea kuwalipa wenye nyumba.

Barabara nayo ina mambo yake. Mwaka 2016 mwendokasi ulianza kati ya Kimara na Kivukoni, na mwaka huohuo Daraja la Kigamboni likafunguliwa. Kabla ya hapo ukikaa Kigamboni na kazi iko mjini, maisha yako yalikuwa mikononi mwa pantoni. Madalali wanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana tangazo la kila kiwanja linaandikwa "dakika tano kutoka lami". Dakika tano za nani, kwa pikipiki au kwa miguu ukiwa na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, hilo hawaandiki.

Kwa hiyo ukikuta nyumba ya bei chini sana kuliko za jirani, usifurahi haraka. Kuna kitu kimepungua. Kazi yako ni kukitafuta kabla hujalipa. Wazee walisema rahisi ni ghali.

SEHEMU YA 3: Hesabu ya mpangaji

Hebu chukueni kalamu. Tufanye mfano wa familia moja: baba na mama wote wanafanya kazi maeneo ya mjini, mtoto mmoja mdogo. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za kwako.

Nyumba ya kwanza iko mbali. Kodi shilingi 100,000 kwa mwezi. Kazini ni daladala mbili, nauli 1,300 kwenda na 1,300 kurudi. Kwa watu wawili ni 5,200 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni 135,200. Bomba halijafika, maji ni ya kununua: madumu 6 kwa siku kwa 300 kila dumu, mwezi mzima 54,000. Jumla 289,200.

Nyumba ya pili iko karibu. Kodi 200,000. Daladala moja, nauli 600 kwenda na 600 kurudi. Watu wawili siku 26 ni 62,400. Maji ya bomba, tuseme bili 15,000. Jumla 277,400.

Umeona? Ile ya "laki moja tu" imezidi kwa shilingi 11,800 kila mwezi. Na hapo sijahesabu bodaboda ya usiku mama akitoka zamu, wala masaa yanayoishia barabarani. Mama anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi saa mbili usiku, anamnyonyesha mtoto saa ngapi? Wengi wanaoniandikia kwamba "maziwa yamekata" nikiwauliza ratiba yao, nakuta mtoto na mama wanaonana usiku tu.

Sasa mbona watu wanaenda kwenye ile ya mbali? Hawajakosa akili. Sababu ni miezi sita. Mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita mkupuo, wengine mwaka, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Nyumba ya karibu inadai 1,200,000 ya kodi na 200,000 ya dalali, jumla 1,400,000 siku ya kwanza. Ya mbali inadai 700,000. Familia changa yenye laki nane kwenye simu haina uchaguzi, hata kama kila mwezi itatoa hela nyingi zaidi. Ndivyo mfumo wa miezi sita unavyowasukuma wenye kipato kidogo waishi kwa gharama kubwa.

Mtu asikudanganye kwamba kuna bei elekezi ya chumba. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005. Kwa sasa ni makubaliano yako na mwenye nyumba. Kwa hiyo kubaliana vizuri:

Omba miezi mitatu. Wengi wanaona aibu kuomba. Sisi tuliomba, tukajieleza kwamba wote tuna kazi na mshahara unaingia tarehe fulani, mama mwenye nyumba akakubali. Wawili kabla yake walikataa, hatukufa.

Andikishaneni. Mkataba useme kodi ni kiasi gani, itaongezwa lini na kwa taarifa ya muda gani, nani anatengeneza bomba likipasuka, nani anazibua chemba. Kila hela unayotoa ipewe risiti au ipite kwenye simu ibaki kumbukumbu.

Ulizia luku. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe. Muulize mapema kama atakurudishia au atapunguza kwenye kodi ya pango. Na kama mita ni moja kwa wapangaji watano, jua hapo kila mwisho wa mwezi kuna maneno.

Zungukeni mtaa wenyewe kwa miguu kabla ya kumpigia dalali. Muuza genge, fundi cherehani, mama wa chapati, hao wanajua chumba kinachoachwa wiki ijayo. Mkimpata mwenye nyumba moja kwa moja, ile ya dalali inabaki mfukoni, unanunua chandarua na godoro.

SEHEMU YA 4: Kagua nyumba kama nesi

Hapa ni kwenye kazi yangu, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Watu wakienda kuangalia nyumba wanaangalia vigae, jipsamu na rangi. Mimi nataka uangalie vitu vingine.

Ukuta. Shuka macho mpaka chini, usawa wa goti. Ukikuta rangi imebanduka kama maganda, au kuna mstari wa rangi tofauti unaozunguka chumba chote, maji yaliwahi kuingia humo. Ukikuta rangi mpya chini tu na juu ya zamani, uliza kwa nini. Vuta pumzi. Harufu ya nguo iliyokaa mbichi ni ukungu. Mtoto mwenye pumu au kifua kinachobana akilala humo, kila mara utamkuta anakoroma na kukohoa alfajiri.

Hewa. Chumba kiwe na pa kuingilia hewa na pa kutokea. Dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani halitoshi kwa watu wanne. Magonjwa ya kifua, kuanzia mafua mpaka kifua kikuu, yanapenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi.

Jiko. Mnapikia wapi? Kama ni koridoni, na wapangaji wengine watatu nao wana majiko ya mkaa hapohapo, moshi wote unaingia kwako. Na usiku wa baridi au wa mvua asikudanganye mtu uingize jiko la mkaa ndani mlale nalo. Watu wanakufa usingizini.

Choo. Uliza kinajaa lini na kinanyonywa na nani. Tunajua wote kwamba kuna mitaa mvua kubwa ikinyesha watu wanatapisha vyoo. Uchafu ule unapita mbele ya mlango ambako mtoto wako anatambaa. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 kilianzia hapahapa Dar kabla ya kusambaa mikoani. Angalia pia kisima kiko umbali gani na choo.

Maji yaliyotuama. Matairi, makopo, mapipa yasiyofunikwa. Dengue ilitusumbua hapa Dar mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Hifadhi ya maji ni lazima ifunikwe.

Njia. Hili wengi hamlifikirii. Simama mlangoni ujiulize: saa nane usiku, mvua inanyesha, uchungu umeanza au mtoto anadegedege, bajaji itafika hapa? Au itabidi ubebwe mpaka lami? Halafu ulizia kituo cha afya kilicho karibu, na zaidi ulizia hospitali ya karibu inayofanya upasuaji na kuongeza damu. Kituo ni kizuri kwa kliniki, lakini mama anayevuja damu anahitaji zaidi ya kadi na kipimo cha presha.

Siku ya kukagua ni siku ya mvua. Kiangazi kila mtaa wa Dar ni mzuri.

Kuna mtoto mmoja, sitasema ni lini wala wapi, alilazwa kwetu kwa kifua mara tatu ndani ya miezi michache. Dawa anapata, anapona, anarudi. Mara ya tatu daktari akamwuliza mama kuhusu nyumba. Chumba kimoja cha chini, karibu na mtaro, kitanda kimeegemea ukuta unaotoa maji. Mama akasema, "Daktari, nimelipa miezi sita, naondokaje?" Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Wakasaidiwa mawazo: kitanda kikavutwa katikati, jiko likatolewa nje, dirisha likawa linafunguliwa mchana kutwa. Miezi ilipoisha wakahama. Yule mama alikuwa anampenda mwanawe kama mama yeyote. Alikuwa amefungwa na hela aliyokwisha kuitoa.

Nisisitize kabla sijaondoka hapa: ukiona mtoto anapumua harakaharaka, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, au amelegea, habari za nyumba weka pembeni. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

SEHEMU YA 5: Kiwanja, mita 60 na jina la kwenye karatasi

Sasa hili la kununua. Najua linavyouma.

Mama mkwe wangu ni mtu mwema sana, na kila akija mjini lazima aniulize. Nikishamwamkia shikamoo na chai ikiwa mezani, ataangalia dari ya nyumba ya watu, atasema, "Mwanangu, mpaka lini mtawajengea wenzenu?" Hana ubaya. Kwa kizazi chake mtu mzima ni yule aliyepaua. Lakini neno lile likishatoka, baba watoto halali.

Tulikuwa tumeweka milioni 8, ya kikoba changu, zamu za ziada na biashara yake ndogo ya Kariakoo. Dalali akatuletea kiwanja upande wa Gongo la Mboto kwenda ndani, mita 20 kwa 20, milioni 6. Mume wangu akapenda mara moja. Mimi nikaomba jambo moja tu: twende Aprili, masika ikiwa imekolea.

Tulienda. Matope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Chini ya kiwanja kulikuwa na kijito ambacho kiangazi huwa mchanga mtupu, mafundi wanachimba. Dalali alituhakikishia maji hayafiki. Pembeni kulikuwa na bibi anauza mihogo ya kukaanga. Tukamwamkia, tukanunua, tukakaa naye kidogo. Akatuonyesha pagale lililokuwa jirani. "Wajukuu zangu, mnaona ile rangi ya udongo ukutani? Hapo ndipo maji yalilala juzi." Ilikuwa juu ya goti langu.

Hatukununua. Nyumbani pakawa kimya kama wiki mbili. Mume wangu hakuwa amekasirishwa na kiwanja, alikuwa anafikiria atamwambia nini mama yake.

Nawaambia haya ili mjue kwamba uamuzi wa ardhi unakaa kwenye moyo wa mtu, na ukiukataa kwa hesabu tu bila kuugusa huo moyo, mtagombana. Lakini hesabu lazima ifanyike, maana mji huu una kumbukumbu. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu na kuacha familia nyingi za mabondeni bila makazi. Wengine wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Desemba 2015 yakaja mabuldoza Bonde la Msimbazi, nyumba zikavunjwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Dalali wa bondeni hatakutajia mita 60. Na barabara nazo zina eneo lake: mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, na nyingine zilikuwa nyumba za maana, zenye geti na umeme. Nyumba kuwa nzuri hakuifanyi iwe salama.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata ile hela ya "kushika kiwanja":

Jueni mnachonunua. Tanzania ardhi ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa muda. Hati inaweza kufika miaka 99. Leseni ya makazi ni kitu kingine, inatolewa kwenye maeneo yasiyopimwa na ni ya muda mfupi, isiyozidi miaka 5 kabla ya kuhuishwa. Na ile karatasi ya mauziano yenye mihuri na sahihi za mashahidi ni ushahidi wa mauziano tu, haikugeuzi kuwa na hati.

Nendeni ofisi ya ardhi ya manispaa mkaulizie eneo limepangwa kuwa la nini. Pengine kwenye ramani ni shule, ni barabara, ni eneo la wazi. Kama kuna hati, fanyeni upekuzi mjue hati ni ya nani na kama haijawekwa rehani. Mtafuteni wakili wenu wenyewe, si yule aliyeletwa na muuzaji. Ongeeni na majirani wa pande zote nne.

Na sasa kina mama, hili ni letu. Jina lako liwemo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika mali ya familia. Kwa hiyo usikubali kuambiwa hukuchangia kwa sababu hukushika koleo. Lakini kudai mahakamani ni safari ndefu. Rahisi zaidi ni majina mawili kwenye karatasi siku ya kwanza, wakati mnapendana na mnacheka. Mume mwenye nia njema hatanuna.

SEHEMU YA 6: Tukope, tuhamie pagale, au tusubiri?

Wengi mmeuliza mikopo ya benki. Mkopo wa nyumba upo nchini na benki kadhaa zinatoa. Tatizo ni riba. Tuseme umekopa milioni 50 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka 20. Rejesho ni kama 658,000 kila mwezi, na mpaka umalize umelipa karibu milioni 158. Muuguzi wa diploma akikatwa hiyo, watoto wanakula nini? Kwa mwenye mishahara miwili mizuri na nyumba yenye hati, inawezekana. Kwa wengi wetu, nyumba itaendelea kujengwa kidogokidogo.

Wengine mnataka kuhamia pagale ili mkwepe kodi. Siwakatazi, nimeona familia zimefanya hivyo na leo zina nyumba nzuri. Ila kama kuna mtoto chini ya miaka 5 au mama mjamzito, vitu vinne vitangulie kabla ya geti na vigae: choo kinachofunikwa, maji ya uhakika, wavu madirishani, na sakafu inayofagilika na kupigwa deki. Paa liwe zima. Rangi itasubiri. Shimo la choo au la kisima lililoachwa wazi uani ni hatari kwa anayejifunza kutembea, lifunikeni siku hiyohiyo.

Na kusubiri nako kuna bei yake, lazima niseme ukweli. Mwaka mmoja na nusu baada ya ile safari ya matope, viwanja vya ukubwa uleule upande uleule, vilivyo juu mbali na kijito, vinauzwa milioni 9. Akiba yetu ni milioni 9 kasoro. Bei inakimbia, sisi tunatembea. Kuna usiku baba watoto anaipiga hesabu hiyo kimyakimya, namsikia.

Lakini mtoto wetu mkubwa ana pumu. Tangu hapo imembana vibaya mara mbili, zote usiku. Mara zote mbili bajaji ilifika mlangoni na tukawa hospitali ndani ya robo saa. Mara ya pili, tukiwa tumekaa kwenye benchi na mtoto ameshawekewa mashine ya mvuke, mume wangu akasema bila mimi kumuuliza, "Kutoka kule tungefika saa ngapi?" Hatukulijibu swali.

Mama mkwe alipokuja mara ya mwisho akauliza tena kama kawaida. Safari hii mwanawe ndiye aliyejibu. Akamwambia, "Mama, tunajenga. Tumeanza na kifua cha mjukuu wako." Bibi akanyamaza, akamchukua mtoto mapajani, akamwambia amwonyeshe jinsi anavyovuta ile dawa ya pumu. Kama ameridhika sijui, lakini chai aliimaliza.

Tumekubaliana hivi: tunabaki kupanga karibu mpaka mdogo aanze shule, akiba inaendelea, na tutanunua kilichopimwa hata kama ni kidogo na hata kama ni mbali kidogo, mradi kuna barabara inayopitika masika na hospitali inayofikika. Jina langu na lake.

Familia yako inaweza kupiga hesabu hiihii ikapata jibu tofauti, na ikawa sawa kabisa. Labda watoto wenu wana afya, kazi zenu ziko Mbagala au Bunju, na kiwanja cha huko ndicho kinawafaa. Cha msingi mkae chini wawili, na kalamu, muandike kodi, nauli, maji, dawa, masaa ya kunyonyesha, njia ya usiku. Mkishaandika yote, ndipo mumpigie dalali.

Waliolipa miezi sita kwenye chumba chenye unyevu na hawawezi kuhama sasa hivi, niandikieni, tuone kitanda kiwekwe wapi na dirisha gani lifunguliwe. Jumapili tutarudi kwenye chanjo. Muwe na usiku mwema, na wenye watoto wenye pumu, dawa ya kuvuta iwe karibu na mto.